"Tunaendelea, shefu": kisa cha pea 96 za bote na binti aliyetoka inivesite

Kisa hiki kimetokea kweli hapa Lubumbashi. Majina nimeyaondoa yote, mteja simtaji, site siitaji, na vitu vidogo vidogo ambavyo vingefanya mtu aseme "aa, hao nawajua" nimevibadilisha. Hesabu za bote na mfuatano wa siku nimeviacha vilivyo, maana bila hivyo hakuna cha kujifunza. Mimi nasaidia sosiete ndogo kwenye mambo ya wafanyakazi, waliniita baada ya tukio, nikakaa na kila mmoja peke yake halafu wote pamoja, na wote wamekubali kisa kiandikwe.

Mazingira

Sosiete inauza vifaa vya kujikinga kazini: kofia, miwani, glavu, gile za kung'aa, bote za sekirite. Wafanyakazi kama thelathini, depo moja, kamio mbili, biro ya vyumba vinne. Wateja ni mamine, yaani migodi, na zile sosiete za sutretansi zinazofanya kazi ndani ya mamine, wengi wako upande wa Likasi, Fungurume mpaka Kolwezi, na Kolwezi ni kilomita kama 300 toka hapa, kwa hiyo kamio ikitoka imetoka, huwezi kusema ngoja nirudi mara moja nichukue karto niliyosahau.

Mtu ambaye hajawahi kufanya biashara na mine aelewe jambo moja. Kule karatasi na mali lazima vifanane. Mteja anatuma bon ya komande, wewe unapeleka mali na bon ya livrezo, watu wa resepsio wanafungua karto, wanahesabu, wanasoma mpaka maandishi ya lebo, halafu wanaandika PV, yaani ripoti ya mapokezi. PV ikiandikwa kwamba kuna kasoro, faktire yako inalala mpaka umalize kasoro hiyo. Na wewe huku umekwisha kumlipa aliyekuuzia, kodi ya TVA ya 16% inakungoja, watu wako wanahesabu siku za mwisho wa mwezi.

Sasa bote zenyewe, maana kisa chote kimesimama hapo. Mteja alitaka S3. Kwenye soko kuna pia S1P. Zote mbili ziko kwenye norme moja, EN ISO 20345, zote zina kinga ngumu mbele ya vidole inayobeba pigo la joule 200, zote zina bamba ndani ya soli kuzuia msumari. Tofauti ni maji na tope: S3 ngozi yake ya juu inazuia maji na soli yake ina meno, S1P haina kinga hiyo ya maji, ni bote ya mahali pakavu. Mvua ya huku inaanza kunyesha vizuri mwezi wa 11 na inaendelea mpaka mwezi wa 4, site inakuwa tope tupu. Mteja akiandika S3 mwezi wa 11 hafanyi mapozi, anafikiria miguu ya watu watakaoshinda ndani ya maji masaa kumi na mbili.

Watu wa kisa ni watatu hasa.

Binti mwenyewe alimaliza lisansi ya gestion, ule mfumo wa zamani kabla ya LMD (lisansi, masta, dokta), miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, na alitoka na distinksio. Akakaa zaidi ya mwaka anapeleka dosie huku na huku. Sosiete ikampokea kwa staji, wakaona anajua Excel, ana adabu, hachelewi, wakampa kontra yenye kipindi cha esei, yaani majaribio. Sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu esei mpaka miezi 6 kwa mfanyakazi mwenye ujuzi (manevre asiye na ujuzi maalum ni mwezi 1 tu), na yeye walimwandikia yote sita. Kwao ni yeye pekee mwenye mshahara, wadogo zake wawili wanasoma kwa pesa yake. Naomba msomaji asisahau hilo la wadogo, kule mbele lina uzito.

Shefu ni mwenye sosiete, alianza kwa kuuza glavu sokoni akajenga mpaka hapo alipo, na namuheshimu kwa hilo. Anaenda mbio, anaongea huku anatembea, simu mbili mkononi. Akikasirika anapiga kelele jengo zima linasikia, dakika kumi baadaye amesahau. Aliyepigiwa kelele hasahau.

Halafu Papa wa depo. Alisoma mpaka sekondari mwaka wa pili, ameshinda maisha yake yote ndani ya madepo, na bote anaitambua kwa kuikunja tu na kupitisha kidole juu ya ngozi.

Yaliyotokea

Jumatatu asubuhi komande inaingia: pea 240 za bote S3, saizi 39 mpaka 45, zifike site Alhamisi. Shefu anamkuta binti kwenye koridori, anampa kazi huku anaelekea garini. Maneno yake kama alivyoyakumbuka yeye mwenyewe: "Angalia stoki, maliza na depo, Alhamisi mapema kamio itoke." Binti akajibu ndiyo shefu. Hakuandika mahali, hakuuliza. Alichoelewa yeye ni kwamba atengeneze karatasi zote na depo ipakie. Alichotaka shefu ni kwamba akague mali kwa macho, na ikipungua amwambie atafute kwingine. Tofauti hiyo hakuna aliyeijua mpaka siku tuliyokaa mezani pamoja.

Jumanne akatengeneza tablo ya Excel, nimeiona, ni nzuri kweli, saizi kwa saizi, rangi, jumla chini, hata shefu alipoonyeshwa alifurahi. Hesabu alizitoa kwenye fishie ya stoki, yaani faili ya mali iliyoko depo. Ndani ya fishie kuna mstari mmoja tu: "Bote sekirite nyeusi, 240." Komande 240, stoki 240, basi. Hakuna mahali fishie inasema S3 ao S1P, maana aliyeitengeneza miaka ya nyuma wakati huo walikuwa wanauza aina moja tu.

Mchana akashuka depo na karatasi za kusainisha. Papa wa depo akatazama bon, akatazama rafu, akamwambia: "Mwana, ii ya huku nyuma si ya maji. Ni ya batu ba atelie." Binti akajibu: "Papa, mu fishie inaonyesha iko 240." Na Papa akasaini. Nilimuuliza kwa nini alisaini na alikuwa anajua, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba yeye ni wa depo, biro ina wenyewe, na yule mtoto ana diploma.

Lile neno lilimkaa binti kichwani lakini. Jumatano asubuhi akarudi peke yake, akafungua karto moja baada ya nyingine akisoma lebo. Pea 144 zimeandikwa S3. Pea 96 zimeandikwa S1P. Akatafuta kwenye simu maana ya hizo herufi, akaielewa vizuri tu. Kwa hiyo Jumatano kabla ya mchana binti huyu, wa esei, asiye na uzoefu, ndiye mtu pekee ndani ya sosiete nzima aliyekuwa na picha kamili: tunahitaji 240, tuna 144, na 96 ni bote ambazo mteja hakuomba.

Saa chache baadaye shefu anapita mlangoni: "Ile komande iko sawa?"

"Tunaendelea, shefu."

Shefu akaenda zake akijua mambo ni sawa. Binti alinieleza kwamba mdomo ulifunguka kusema, halafu akaona uso wa shefu, asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemfokea kontable mbele ya watu kwa sababu ya risiti iliyopotea, akaona bora angoje shefu atulie. Jioni shefu hakuwepo. Usiku binti akaandika kwenye grupe ya WhatsApp ya promosio yao, watu waliosoma naye, akaeleza shida yote, na jibu lililopata vidole gumba vingi lilikuwa hili: usiseme kitu, uko kwenye esei, karto zikifika wakizikataa ni kosa la depo.

Alhamisi alfajiri kamio ikatoka na pea zote 240. Binti hakulala. Kabla ya jua kutoka akamtumia shefu vokali, ujumbe wa sauti, ya dakika tatu na zaidi. Niliisikiliza kwa ruhusa yake. Inaanza kwa salamu, anauliza habari za mama na watoto, anaomba msamaha kwa kusumbua mapema, anaeleza kwamba yeye ni mpya na bado anajifunza, anasimulia alivyoshuka depo Jumanne, na neno S1P linatokea dakika ya tatu. Shefu aliamka, akaisikiliza sekunde chache, akasikia salamu na misamaha, akaifunga akaingia kuoga. Aliifungua tena wakati kamio imeshapita Likasi.

Kule site walifungua karto, wakasoma lebo, wakapokea 144 na kuzikataa 96. PV ikaandikwa hivyo hivyo. Shofere akarudi na karto zilizofunguliwa zimeloa mvua.

Maamuzi na sababu zake

Shefu aliamua siku hiyo hiyo kumaliza esei. Sababu yake alinipa waziwazi: kukosea kunavumilika, lakini huyu alijua tangu Jumatano na akaniacha nipeleke. Na hapo, ukiweka hasira pembeni, ana haki.

Mama wa administrasio ndiye aliyesema ngoja. Hoja yake ilikuwa ya hesabu, wala hakuongea huruma: tumemfundisha huyu tangu staji, tukimtoa tutachukua mwingine naye atapita njia hii hii, maana fishie ni ile ile na koridori ni ile ile. Ndiyo hapo wakaniita.

Kitu cha kwanza nilichoomba ni kila mtu asimulie juma hilo bila kukatwa. Papa wa depo aliposema kwamba na yeye alijua toka Jumanne, shefu alinyamaza muda mrefu. Baadaye shofere naye akasema aliona karto za aina mbili wakati wa kupakia akafikiri ndivyo walivyoagana na mteja. Kwa hiyo watu watatu walikuwa na kipande cha habari, na hakuna kipande kilichomfikia mwenye uwezo wa kuamua.

Tukakubaliana mambo haya. Binti anabaki, esei inaendelea. Kila akipewa kazi ya komande ataandika kwa shefu mistari miwili mitatu ya alivyoelewa, na shefu anajibu sawa ao anasahihisha, hakuna kazi inayoanza bila hiyo. Kila siku 16h00 anatuma pointi: kilichokwisha, kilichokwama, anachohitaji kwa nani. Asubuhi kwa majuma mawili anashinda depo na Papa, anagusa mali, anajifunza kuitambua kabla ya kuihesabu. Na shefu kwa upande wake akaahidi kitu kimoja tu, kwamba mtu akileta habari mbaya atamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kupaza sauti. Hakuahidi kuacha kupaza sauti na mimi sikumsukuma, niliona ahadi ndogo inayotimizwa ina faida kuliko ile kubwa.

Kuhusu mteja, wazo la kwanza la shefu lilikuwa kusema karto zilichanganyikana njiani. Mama wa administrasio alikataa. Wakampigia, wakamwambia ukweli kwamba stoki haikukaguliwa, wakampa siku ya kuleta 96 zinazobaki.

Matokeo

Pea 96 za S3 zilipatikana hapa hapa mjini kwa muuzaji mwingine, kwa bei ya juu, zikafika site Jumatatu iliyofuata na kamio iliyoenda kwa ajili yake tu. Faida ya komande ile iliishia kwenye mafuta na tofauti ya bei. Faktire ilipokelewa baada ya PV ya pili, malipo yakasogea. Mteja bado ni mteja.

Mistari ya "nimeelewa hivi" ilianza vibaya, shefu aliiona ni usumbufu, siku zingine alijibu kwa kidole gumba bila kusoma. Halafu siku moja binti akaandika: "Shefu, nimeelewa hivi: kofia 20 nyeupe, zitoke kesho." Jibu likarudi palepale: "KARTO 20 si kofia 20." Karto moja ina kofia nyingi ndani, fikiria kamio inaenda Kolwezi na kofia ishirini. Toka siku hiyo shefu ndiye anayeidai hiyo mistari, hata kwa wengine wa zamani.

Mwezi wa 2 ikaja shida nyingine. Glavu zilizotoka upande wa Zambia zilikwama Kasumbalesa na karatasi za duane, mteja anazingoja kesho yake. Binti akamwonyesha shefu ujumbe anaotaka kumtumia mteja, shefu akasema tuma, ukaenda asubuhi hiyo:

"Bonjour Papa. Glavu zenu 300 bado ziko Kasumbalesa, karatasi za duane hazijatoka, hazitafika kesho kama tulivyoahidi. Tuko na 120 za aina ileile hapa depo. Tunaweza kutuma 120 kesho na zingine zikitoka, ao tungoje zote ziende pamoja. Tunaomba jibu mbele ya 14h ili tupakie kamio. Pole kwa usumbufu."

Mteja akajibu leteni 120. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna PV ya kasoro. Linganisha ujumbe huu na ile vokali ya alfajiri: ni mtu yule yule, miezi mitatu tu imepita, shida inatajwa kwenye sentensi ya kwanza, hesabu zipo, njia mbili zipo, saa ya mwisho ya kujibu ipo, na pole imekaa mwisho ambapo haimzuii mtu kusoma. Adabu haikupungua hata kidogo, bado anaanza na Bonjour Papa.

Esei iliisha, kontra ikathibitishwa.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki wanarukia kusema vijana wa siku hizi hawajui kazi, inivesite haifundishi. Nakataa. Tofauti ya S3 na S1P aliijua ndani ya siku mbili bila kufundishwa na mtu. Excel anajua. Kuchimba alichimba, alifungua karto kwa mikono yake wakati hakuna aliyemtuma. Kilichokosekana ni kitu kimoja, kupeleka habari mbaya kwa mwenye uwezo wa kuamua wakati bado kuna muda wa kuamua. Angalia bei ya pea zile 96. Jumatano mchana bei yake ilikuwa simu mbili kwa wauzaji wa mjini. Jumatano usiku, simu moja kwa mteja kusema tunakuletea 144 kesho na zingine Jumatatu. Alhamisi jioni, safari nzima ya kamio, faktire iliyolala, na heshima ya sosiete. Bote hazikubadilika, ni saa tu zilizopita.

Na kwa nini hakusema? Hapa ndipo naomba tuwe wakweli. Mtoto wa kwetu anakua akijua kwamba mkubwa akiongea unaitika. Inivesite anakaa kwenye oditwari ya watu mia kadhaa, mwalimu anasoma silabusi, anayenyanyua mkono kuuliza anazomewa na wenzake kwamba anachelewesha. Kwenye mtihani wa mdomo anajifunza kwamba kusema "sijui" ni sifuri na kusema chochote ni pengine nusu. Miaka mitano hiyo. Halafu anatafuta kazi zaidi ya mwaka mzima, anaipata, ada ya wadogo zake iko juu ya mshahara ule, na wewe unashangaa amesema tunaendelea? Wenzake kwenye grupe hawakuwa wajinga. Walimpa ushauri unaofaa kabisa kwenye nyumba nyingi za kazi za mji huu, nyumba ambazo anayeleta habari mbaya ndiye anayelipa.

Ndiyo maana naona huu ujuzi ni nusu wa kijana na nusu wa nyumba anayoingia. Papa wa depo ana miaka zaidi ya thelathini ya kazi, hakuna uzoefu anaokosa, na bado alinyamaza. Shofere alinyamaza. Binti hakuleta ukimya ndani ya sosiete, aliukuta, akaujifunza haraka kama alivyojifunza Excel. Tofauti ni kwamba yeye pekee ndiye aliyekuwa karibu kufukuzwa kwa ajili yake.

Nusu ya kijana lakini ipo, na siwezi kuificha. Kuandika ulichoelewa baada ya kupewa kazi hakuhitaji ruhusa ya mtu, unaweza kuanza siku ya kwanza ya staji. Kushuka kuona mali kwa macho kabla ya kuamini fishie, vilevile. Papa alipomwambia "si ya maji", binti alimjibu kwa fishie, na hilo ndilo tulilolizungumza kwa muda mrefu kuliko yote, mimi na yeye. Alilia kidogo. Alisema hakumdharau Papa hata siku moja, na namwamini, alimsalimia kila asubuhi, alimwita Papa, lakini heshima ya salamu na heshima ya kusikiliza anachojua mtu ni vitu viwili, na diploma inakuzoesha kuamini kilichoandikwa kuliko kilichosemwa na mzee mwenye ovaroli. Yale majuma mawili ya depo kwa maoni yangu yalifanya kazi kuliko kitu kingine chochote tulichopanga. Siyo tu kwa sababu alijifunza mali. Papa naye alianza kupanda biro. Sasa akiona kitu hakiko sawa anampigia binti moja kwa moja, kitu ambacho hapo nyuma hakijawahi kufanyika.

Kuhusu lugha niseme kwa haraka maana wengi wananiuliza. Vijana wengi hapa wanalipia masomo ya Kiingereza, wengine Kichina, kwa ajili ya mamine, na wanafanya vizuri kabisa, milango inafunguka. INPP nao, ile taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, wapo tangu 1964, wana mafunzo ya ufundi yanayomsaidia mtu. Kijana mwenye nafasi aende. Ila binti huyu shida yake ya Jumatano isingetibiwa na cheti kingine.

Vilivyoshindwa pia viandikwe. Pointi ya 16h00 ilikufa baada ya kama mwezi, shefu alisafiri, hakuna aliyeisoma, binti akaacha kuandika kwa mtu asiyesoma, na ni kosa letu tuliopanga kwamba msomaji awe mmoja tu. Tungempa pia mama wa administrasio ingeendelea. Ahadi ya shefu ya kusikiliza kwanza imeshikilia mara nyingi, si zote, kuna siku moja mwezi wa 3 alimkata kontable katikati ya sentensi na kontable akarudi kwenye kiti chake na ile habari hakuimalizia, ilikuja kujulikana juma lililofuata. Na jambo la kumwandikia binti kazi yake ni ipi hasa, karatasi moja tu yenye mistari kumi, tuliliahidi na mpaka kontra inathibitishwa lilikuwa bado.

Kubwa zaidi ni fishie. Binti na Papa wameanza kuhesabu mali pamoja mwisho wa kila mwezi, na mstari ule wa "bote sekirite nyeusi" sasa ni mistari kumi na minne, S3 na S1P, kila saizi peke yake. Lakini fishie bado inafunguliwa na watu watano, kila mmoja anabadilisha hesabu anavyotaka na hakuna anayeandika jina lake. Nimependekeza iguswe na wawili tu, yeye na Papa, wengine wasome bila kubadilisha. Shefu amesema atafikiri, na mimi nimemwomba aamue kabla stajiere wapya hawajaingia, maana mmoja wao siku ya kwanza atapewa fishie hiyo na kuambiwa aangalie stoki.